Tangi Linalogoma: Kwa Nini Majitaka ya Gari-Nyumba Hutoka kwa Kusuasua

Jumapili saa tano asubuhi, kwenye kambi za magari-nyumba huku Texas, foleni ndefu haiko dukani wala bafuni. Iko kwenye kituo cha kumwagia majitaka. Wikiendi imekwisha, kila mtu anataka kurudi mjini na tangi tupu, na kila dereva anapima kwa jicho muda anaotumia aliye mbele yake. Ukichukua dakika tano, wewe ni mstaarabu. Ukichukua kumi, watu wanaanza kushuka kwenye magari yao na kusimama mikono kiunoni.

Shemeji yangu alichukua dakika ishirini na tano.

Yeye ni dereva wa malori, mtu anayejua magari kuliko mimi, na gari-nyumba lake la kukokota alilinunua likiwa limetumika. Tangi la choo lilikuwa likitoa maji kama mzee mwenye shida ya kibofu: linatiririka kidogo, linakatika, linaguna, linatiririka tena. Uchunguzi wake alishaufanya: limeziba. Dawa alikuwa nayo pia, chupa tatu za rangi ya buluu zilizopangwa chini ya sinki.

"Shemeji, humu ndani kuna jiwe," aliniambia. "Jiwe kabisa."

Nikamwomba aingie ndani, akanyage pedali ya choo na aiache imekanyagwa. Akanitazama kama niliyemwambia aongeze chumvi kwenye radieta, lakini akaenda. Mimi nikabaki nimeinama kwenye mpira wa majitaka. Sekunde ile aliyokanyaga, mpira ulishtuka kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na tangi likaisha kabla sijahesabu hadi sitini. Jiwe halikuwepo. Kilichokosekana ni hewa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa ambalo karibu kila mwenye gari-nyumba hulifanya. Tangi likitoa polepole, akili hukimbilia kwenye kuziba, na mkono hukimbilia kwenye chupa ya dawa. Lakini maji yanayotoka kwa kusuasua yanaweza kuwa yanalalamika mambo manne tofauti: hewa haiingii, njia imebanwa, mteremko haupo, au mzigo wenyewe umeganda. Dawa ya chupa inagusa moja tu kati ya hayo, tena kwa shida. Na kila moja lina sauti yake na mwendo wake, ukiwa na subira ya kusikiliza.

Kwanza chombo chenyewe. Gari-nyumba, ambalo Wamarekani huliita kwa herufi mbili tu, RV, ni chumba, jiko na choo juu ya magurudumu. Mengine yana injini yake, mengine hukokotwa na pikapu. Chini ya sakafu kuna matangi matatu ya plastiki. Moja ni la maji safi. La pili hupokea maji ya sinki na bafu, nao huliita la kijivu. La tatu, jeusi, ni la choo peke yake. Haya mawili ya majitaka mara nyingi hubeba kati ya lita 115 na 150 kila moja, ingawa makubwa zaidi yapo na madogo yapo. Ni mapana na mafupi kama godoro, kwa kuwa hupachikwa kwenye nafasi nyembamba kati ya sakafu na chasisi. Umbo hilo likumbuke. Kitu kipana na kifupi hakina mteremko wa kutosha ndani yake, na maji yaliyomo hayana kimo cha kuyasukuma.

Kila tangi la majitaka hutokea chini, kwenye bomba lililofungwa na valvu ya bamba. Ni bamba jembamba linaloteleza kati ya mipira miwili ya kuzuia kuvuja. Ukivuta mpini, linajitoa njiani. Bomba la tangi la choo ni la inchi 3. La tangi la kijivu mara nyingi ni la inchi 1 na nusu. Yote hukutana kwenye mdomo mmoja ambapo huchomekwa mpira wenye mikunjo, nao mpira hupelekwa kwenye shimo la kituo. Pampu haipo, kazi yote hufanywa na uzito wa maji. Na juu ya kila tangi huchomoza bomba jingine linalopanda ndani ya ukuta hadi paani: bomba la hewa. Mtu aliyewahi kujenga choo cha shimo chenye bomba la hewa, kile kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, atalitambua mara moja. Kule bomba hutoa harufu na kunasa nzi. Hapa lina kazi ya pili ambayo wenye magari hawaifikirii: kuingiza hewa wakati tangi linamwagwa.

Sasa, kabla ya kusema tangi linatoa polepole, sharti tujue haraka ni ipi. Mwaka 1644 Mtaliano Evangelista Torricelli, aliyekuwa msaidizi wa Galileo katika siku zake za mwisho, alichapisha kanuni ya maji yanayotoka kwenye tundu. Kasi hufuata kimo cha maji juu ya tundu, lakini kwa uchoyo: kimo kikipungua hadi robo, kasi hupungua hadi nusu. Tuseme tangi letu likijaa lina kimo cha sentimita 30. Maji yatatoka kwa kasi ya karibu mita 2 na nusu kwa sekunde, na tundu la inchi 3 lingepitisha lita 11 kila sekunde lau pasingekuwa na kona, valvu wala mikunjo ya mpira. Kata nusu kwa ajili ya msuguano huo, kumbuka kwamba kasi hushuka kadiri maji yanavyopungua, na bado tangi la lita 150 linapaswa kuisha kwa kama dakika moja. Mzigo wa choo si maji matupu, basi ongeza dakika moja nyingine. Zaidi ya hapo, uliza.

La kijivu lina hesabu yake. Bomba la inchi 1 na nusu lina eneo ambalo ni robo ya lile la inchi 3, hivyo muda wake ni mara nne au zaidi. Tangi la kijivu linalochukua dakika tano liko katika afya yake ya kawaida. Nimeona watu wakilitibu kwa miezi, wakimimina hiki na kile, ilhali kosa lake pekee ni kuzaliwa na koo dogo.

Mwaka huohuo wa 1644, Torricelli alimwandikia rafiki yake barua maarufu kuhusu mrija wa zebaki, akieleza kwamba sisi tunaishi chini ya bahari ya hewa yenye uzito. Mambo yake mawili yanakutana chini ya gari-nyumba. Uzito wa hewa unaotukandamiza ni sawa na safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hivi. Maji ya tangi yana kimo cha sentimita 30, yaani sehemu 3 kati ya 100 za huo. Sasa fikiria tangi lililojaa, limebakiza lita 10 za hewa juu, na bomba la paani limeziba. Unafungua valvu. Maji yanaanza kutoka, ile hewa kidogo iliyobaki inatanuka, na nguvu yake inapungua. Ikishapungua kwa hizo sehemu 3 tu, hewa ya nje inaweza kuyabeba maji yote yaliyosalia yasianguke. Je, kiasi gani kimeshatoka hadi hapo? Kama mililita 300. Chupa moja ya soda.

Baada ya chupa hiyo tangi linagoma. Haliwezi kutoa tena mpaka limeze hewa kutoka mahali fulani, na mahali pekee palipobaki ni palepale maji yanapotokea. Viputo vinapanda kupitia mpira, maji yanapisha, hewa inaingia, maji yanashuka: gudu, gudu, gudu. Kila Mswahili ameshaiona fizikia hii jikoni. Kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili, moja la kumiminia na jingine la kuvutia pumzi. Dumu la mafuta ya kupikia likitoa kwa kugugumia, mwenye duka huligonga msumari upande wa juu. Hakuna anayedhani mafuta yameganda.

Ndiyo maana jaribio la pedali linafaa kuliko vyote, nalo halina gharama. Chini ya bakuli la choo cha gari-nyumba kuna mlango mdogo unaofunguka kwa pedali, na ukifunguka choo na tangi vinakuwa chumba kimoja. Wakati tangi linatoa kwa kusuasua, mtu mmoja afungue mlango ule. Mwendo ukibadilika ghafla, bomba la hewa ndilo mkosaji. Usipobadilika hata kidogo, hewa imeachiwa huru na tutafute kwingine. Kwa tangi la kijivu jaribio hilo halipo, kwa sababu chini ya kila sinki kuna kona ya bomba yenye umbo la U inayobakiza maji ili kuzuia harufu. Lakini tangi lile litajishtaki lenyewe: likikosa hewa hufyonza maji ya kona hizo, utasikia sinki ikikoroma wakati unamwaga nje, na jioni nyumba nzima itanuka.

Nini huziba bomba la hewa? Kwa shemeji yangu lilikuwa jambo la kuchekesha. Tulipanda paani, tukafungua kofia ya plastiki, tukakuta nyigu wa tope wamejenga kijiji kizima humo ndani. Kwingine ni kiota cha ndege, majani, au gundi ya paa iliyopakwa na fundi mwenye haraka. Kuna sababu nyingine iliyojificha zaidi. Katika magari mengi bomba la hewa halikugundishwa kwenye tangi. Limechomekwa tu kwenye pete ya mpira iliyo juu yake. Barabara ikitikisa miaka miwili mitatu, bomba huteleza taratibu na kuzama ndani ya tangi. Tangi likiwa nusu, ncha yake inaning'inia hewani na kila kitu ni shwari. Tangi likijaa, ncha imezama kwenye majitaka, na bomba la hewa limekuwa mrija wa kunywea. Dalili yake ni ya pekee: kumwaga huanza kwa kugugumia, halafu katikati, bila mtu kugusa kitu, hushika kasi. Na siku zile tangi linapokaribia kujaa, choo hutoa pumzi ya harufu usoni kila ukikanyaga pedali. Anayeijua dalili hii hahitaji kupasua ukuta ili kupata jibu. Atapasua ili kulivuta bomba juu na kulifunga lisishuke tena.

Tangi lenye hewa na lisilo na kikwazo mbele yake halihitaji msaada wa mtu. Tarehe 8 Agosti 2004, mjini Chicago, dereva wa basi la bendi ya Dave Matthews alifungua valvu ya tangi la choo akiwa juu ya daraja la Kinzie, ambalo sakafu yake ni ya wavu wa chuma. Kama kilo 360 za majitaka zilishuka kwa mkupuo. Chini ilikuwa inapita boti ya watalii yenye abiria zaidi ya 100. Kesi ilifika mahakamani, dereva alikiri kosa. Ninachokitoa katika kisa hicho kichafu ni hiki kidogo: daraja si refu, basi lilikuwa likipita tu, na tangi lilitosheka na muda huo.

Tuseme basi pedali imekanyagwa na hakuna kilichobadilika. Sasa sikiliza tena. Mwendo wa polepole usio na kugugumia, uleule tangu mwanzo hadi mwisho, ni mwendo wa njia iliyobanwa, na mtuhumiwa wa kwanza ni valvu. Magari mapya hupenda kuuweka mpini mahali panapofikika kwa urahisi, mbali na valvu yenyewe, na kuviunganisha kwa waya unaopita ndani ya ala, kama waya wa breki ya baiskeli. Na kama waya wa breki ya baiskeli, hulegea, huota kutu na hujikunja. Mwenye gari anavuta mpini hadi mwisho, anaridhika, kumbe bamba limefunguka robo tu. Kwa hiyo usiuamini mpini. Ingia chini ya gari, itazame valvu, lisukume bamba kwa mkono kama linafikika. Valvu hizi hufungwa kwa boliti nne, na kubadilisha bamba na mipira yake si kazi ya kumtisha mtu aliyewahi kubadili gasketi ya koki. Ila ifanye kwenye tangi lililokwisha kumwagwa na kusuuzwa. Sitaeleza zaidi kwa nini.

Mpira nao hudharauliwa. Unaponunuliwa umejikunja kama kinanda cha mkono, mwenyewe anauvuta nusu, unalala chini ukiwa na tumbo na kilima. Kwenye tumbo maji hukaa. Kwenye kilima hewa hunaswa. Kati ya hivyo viwili mtiririko hudhoofika. Kanuni ya mafundi bomba wa Marekani ni robo inchi ya mteremko kwa kila futi moja, yaani kama sentimita 2 kwa kila mita, na mpira unastahili heshima ileile unayoipa bomba la nyumba. Ziko kambi ambazo mdomo wa shimo uko juu kuliko mdomo wa gari, na hapo maji hupanda mlima kwa nguvu za kimo cha tangi peke yake. Kimo kikishuka chini ya mdomo wa shimo, yamekwisha. Yaliyobaki utayainua kwa mikono, mpira begani, kama mvuvi anayekunja nyavu.

Tena gari lenyewe. Watu hulisawazisha kwa pima maji ili wasilale kichwa chini, na ni haki yao. Lakini tangi pana lina tundu pembeni, na gari likiinama upande usio wa tundu hata kwa sentimita chache, sehemu nzima ya mzigo haitoki. Siku ya kumwaga, weka kibao chini ya tairi za upande usio wa tundu. Wenye kambi za zamani hujua jambo hili.

Sasa mzigo. Hapa ndipo nina ugomvi na ushauri mwingi unaotolewa, kwa sababu unaanzia kwenye dawa wakati jambo linaanzia kwenye maji. Choo cha nyumba nchini Marekani, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1994, hakiruhusiwi kuzidi lita 6 kila kinapovutwa. Hicho ndicho kiwango cha kubana matumizi. Choo cha gari-nyumba hutumia lita moja hivi, na mtu mwenye hofu ya tangi kujaa hutumia kikombe. Anajipongeza kwamba amekaa siku tisa bila kumwaga. Alichofanya ni kukusanya siku tisa za kinyesi na karatasi na kuzinyima kile ambacho kingezibeba. Tangi la choo huhama kwa kuelea. Pasipo maji halina namna ya kuhama.

Kosa lililo baya kuliko hilo hufanywa na watu wanaodhani wanajirahisishia. Wakifika kambi yenye shimo lao binafsi, huunganisha mpira na kuiacha valvu ya choo wazi wiki nzima, kama nyumbani. Maji hutangulia kwa sababu ni mepesi wa miguu. Kinyesi na karatasi hubaki palepale vilipoangukia, chini ya choo, vinakauka, na siku kwa siku vinapanda kuwa kichuguu. Dalili zake haziendani na nyingine zote: ukimwaga, maji membamba yanatoka haraka na kukatika mapema, lakini choo kinajaa kana kwamba tangi halijaguswa. Valvu ya choo ikae imefungwa mpaka tangi lifike angalau theluthi mbili. Ya kijivu inaweza kukaa wazi, ila siku moja kabla ya kuondoka ifungwe, ili kuwe na maji ya sabuni ya kusuuza mpira baada ya kumwaga tangi jeusi.

Kuhusu karatasi yameandikwa mengi mno, aina zake na chapa zake. Chukua kipande, kitie kwenye chupa ya maji, tikisa. Kikimeguka, kinafaa, kiwe kimeandikwa cha magari-nyumba au la. Vitambaa vyenye unyevu vinavyouzwa kwa jina la kufaa chooni, tikisa mpaka mkono uchoke, vitabaki vitambaa. Na hapa niseme jambo ambalo sijaliona likisemwa na Wamarekani. Mtu wa pwani anayechamba kwa maji, mwenye kopo lake kando ya choo, ndiye mtumiaji bora kabisa wa tangi jeusi. Karatasi yake ni kidogo au hakuna, na kila ziara yake huongeza maji yanayohitajika. Tangi lake litajaa mapema zaidi. Litatoka vizuri zaidi. Mke wa shemeji, ambaye ni wa Tanga, alipolisikia hili alitabasamu bila kusema neno.

Kwenye tangi la kijivu, hata hivyo, jiko letu halina sifa hiyo. Sufuria ya ugali ikilowekwa kwenye sinki ya gari-nyumba na ukoko wake ukasuguliwa humo, unga ule unaenda kutua chini ya tangi. Ukichanganyika na mafuta ya samaki wa kukaanga, usiku wa baridi ukapita, utapata ute mzito unaoshika kuta za bomba la inchi 1 na nusu. Kwangua ukoko kwanza, utupe au uule. Futa mafuta kwa karatasi kabla ya kuosha. Na weka wavu kwenye tundu la bafu, kwa ajili ya nywele. Tangi la kijivu lililokwisha kushikwa na mafuta husaidiwa na maji moto yenye sabuni ya vyombo, yaliyoachwa humo yakisukwasukwa na safari ya saa moja au mbili.

Kwa kichuguu cha choo tiba ni ileile, kwa muda mrefu zaidi: funga valvu, jaza maji hadi karibu na juu, acha siku mbili tatu, endesha, mwaga, rudia. Kuna mirija mirefu yenye mdomo wa kurusha maji inayoingizwa kupitia chooni, nayo hufanya kazi nzuri. Magari mengine yana pua ya kusuuzia iliyojengwa ndani ya tangi. Pua hiyo ni msaada mkubwa, na ni hatari kwa msahaulifu: ukiunganisha maji, valvu ikiwa imefungwa, ukaenda kunywa chai, tangi litajaa, kisha majitaka yatatafuta njia, na njia zilizopo ni paani au chooni. Spiringi ya chuma ya kuzibulia usiipeleke humo kwa nguvu. Tangi ni plastiki nyembamba, na tundu ukilitoboa huliwezi. Dawa kali za kuzibulia sinki, zile za magadi makali au tindikali, hushambulia mipira ya valvu na kumngoja fundi atakayeifungua baadaye bila kujua kilichomo.

Watu huapa kwa barafu. Tia mfuko wa vipande vya barafu chooni, endesha, vitasugua tangi. Nimejaribu kuelewa jinsi gani. Barafu huelea, na uchafu umekaa chini. Vipande vidogo kwenye maji havidumu muda mrefu wala havina makali. Wanaopona kwa barafu wamepona kwa maji na mtikisiko, vitu viwili ambavyo wangevipata bila kulipia mfuko.

Zile chupa za buluu nazo ziwekwe mahali pake. Za kizamani zilikuwa na formaldehaidi, ambayo huua bakteria na hivyo kukata harufu, lakini bakteria haohao ndio wanaomegua mzigo. Tena ikifika kwenye karo la kambi inaua na wa huko, sababu mojawapo ya California kuipiga marufuku. Za sasa nyingi ni za vimeng'enya na bakteria hai. Zinasaidia tangi lenye maji ya kutosha, katika joto la wastani, zikipewa muda. Hakuna hata moja inayotoa nyigu kwenye bomba la paani.

Jambo moja la mwisho kabla ya kulilaumu tangi: hakikisha kweli lina kitu. Taa za kuonyesha kiwango hutegemea vichwa vidogo vya chuma vilivyopachikwa ubavuni mwa tangi, na karatasi iliyoganda juu ya kichwa hutosha kuiwasha taa. Kuna watu wanaopigana na tangi lililojaa theluthi mbili kwa mujibu wa taa, na tupu kwa mujibu wa tochi. Taa ikikusumbua, kanyaga pedali, mulika, tazama. Na huko kaskazini, Minnesota ya Januari, tangi lisilotoa huenda limeganda tu kama lilivyo ziwa lililo jirani. Valvu usiilazimishe, itavunjika. Lipashe joto au subiri.

Mwaka 2021, hamu ya kusafiri bila kukutana na watu ilipokuwa juu, viwanda vya Marekani, vingi vyao vikiwa karibu na mji wa Elkhart, Indiana, vilisafirisha magari-nyumba zaidi ya 600,000. Mwaka 2023 yalikuwa kama 313,000. Baadhi ya yale ya 2021 sasa yanauzwa na wenyewe waliokwisha kuyachoka, na ndugu zetu wanayanunua, kwa likizo, au kwa kuishi wakati kazi inawahamisha kutoka jimbo hadi jimbo. Muuzaji atakuonyesha jiko, kitanda na kiyoyozi. Wewe mwambie ajaze tangi la choo maji safi hadi juu, alimwage mbele yako, mlango mdogo wa bakuli la choo ukiwa umefungwa, na ushike saa. Likizidi dakika tatu, mwombe akanyage pedali, kisha mrudi mezani mzungumze bei upya.